Gunia la Vifuu

Utingo alilibonyeza gunia langu kwa goti, likalia kama kokoto, akataka kujua kama nimebeba makaa. Nilimwambia ni vifuu vya nazi vilivyochomwa, nimetoka navyo Kaloleni na safari yao ni Kakamega. Hakuridhika mpaka nilipofungua mdomo wa gunia akaona vipande vyeusi vilivyopinda kama vigae, bado vina mkunjo wa nazi. Ndani yake, juu kabisa, nilikuwa nimeweka pakiti ya kilo mbili ya chembe nyeusi nilizonunua Mombasa katika duka la vichujio vya maji. Hizo ndizo zinazoitwa kaboni amilifu. Kwa macho ya kawaida huwezi kuona tofauti kati yake na makaa ya vifuu yaliyopondwa, na tofauti hiyo ni sehemu ya yaliyonipeleka bara.

Aliyeniita ni mwalimu wangu. Alitumwa Pwani miaka ya 1990 kutufundisha kemia, akatufundisha kwa chaki na chupa za soda zilizokatwa shingo, kisha akastaafu na kurudi kwao karibu na Khayega. Tumekuwa tukipigiana simu kila Krismasi. Mwaka huu alinipigia nje ya msimu. Jirani yake, bibi mmoja anayepika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, alikuwa amesikia kwamba vodka inayouzwa madukani huchujwa kwa mkaa ndiyo maana haina harufu, na akamuuliza Mwalimu kama na yeye anaweza kuichuja yake. "Wewe unakaa kwenye vifuu," Mwalimu aliniambia. "Niletee tuone."

Ningeweza kuvipeleka kwa basi la mizigo nikabaki nyumbani. Nilikwenda mwenyewe kwa ajili ya mjomba wangu.

Novemba 2000 mjomba alikuwa kibarua Nairobi, akiishi Mukuru kwa Njenga. Wakenya wa umri wangu hawajausahau mwezi ule. Pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru na jirani zake, na wengine wakabaki vipofu. Mjomba alikunywa kidogo, akalala, akaamka mchana wa siku ya pili akidhani ni alfajiri yenye ukungu. Majirani walisaga mkaa, wakaukoroga kwenye maziwa, wakamnywesha vikombe viwili kabla hajafikishwa hospitali. Aliishi. Macho hayakurudi. Nimekua nikisikia nyumbani kwamba mkaa ndio uliomwokoa, na mara nyingine, kwamba ungalitolewa mapema ungaliokoa na macho. Basi nilipopanda basi swali langu lilikuwa moja: je, mkaa unaishika methanoli?

Tulipita Nairobi usiku wa manane, Nakuru ikiwa imelala, Kericho kukiwa na umande juu ya chai. Kisumu nilibadili, nikaingia matatu ya Kakamega, kama kilomita 50 hivi. Barabara hupanda ukingo wa Nyang'ori kwa kuzungukazunguka, ziwa likibaki chini nyuma yako, halafu unaingia Maragoli penye mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine, na nyumba zilizobanana kwa sababu ardhi ya huko imegawanywa mpaka imekuwa vipande vya bustani. Chavakali, kisha Khayega. Nilishuka na gunia langu penye soko, karibu na uwanja ambako Waisukha na Waidakho hupiganisha mafahali. Mwalimu alikuwa amesimama chini ya mwavuli ingawa mvua ilikuwa bado. "Mulembe," akaniambia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kisha akalichukua gunia na kulipima uzito kama mfanyabiashara.

Mvua ilifika saa tisa, kama inavyofika karibu kila siku huku. Ni mvua hiyo iliyoutunza msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu ule mkubwa wa Kongo, na ndiyo inayokuza miwa ya Mumias, Kabras na Butali. Penye miwa pana molasi na sukari guru, na penye sukari guru pana chang'aa. Mumias ilipoanza kusaga miwa mwaka 1973 ilileta mishahara. Ilipoporomoka na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, wakulima wengi walibaki na miwa shambani. Vinu vidogo vya sukari guru vikanunua. Sehemu ya sukari hiyo humalizikia kwenye mapipa kando ya mito, na sidhani mtu anayeijua bei ya karo anaweza kushangaa.

Jirani ya Mwalimu nitamwita Kukhu, kama kila mtu pale anavyomwita, yaani bibi. Ana miaka sabini na kitu na mgongo ulionyooka. Alinikaribisha kwa ugali na ingokho, yaani kuku, akakataa kuzungumza habari za pombe mpaka nimemaliza kula. Kisha akanipeleka chini ya migomba.

Kangara yake, yaani mchanganyiko wa molasi, sukari guru na maji uliochacha, ilikuwa imekaa siku kadhaa kwenye pipa la plastiki, ikichemka yenyewe kwa povu la kahawia. Anaipika kwenye pipa la chuma juu ya mafiga. Bomba linatoka kwenye kifuniko, linapita ndani ya hori lililojaa maji ya kijito, na upande wa pili matone yanaangukia kwenye sufuria. Alikuwa akisikiliza zaidi ya kutazama. Mlio wa pipa ukibadilika anavuta kuni moja nje. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na maji huku huchemka karibu na digrii 95. Mwalimu aliniambia hivyo kwa furaha ileile aliyokuwa nayo darasani, lakini Kukhu anaijua tabia ya pipa lake bila kipimajoto.

Kikombe cha kwanza alikimwaga chini. Nilidhani ni sadaka ya wahenga. "Nusa," akaniambia. Nilinusa: ni ile harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, inayochoma puani. Mama yake alimfundisha kumwaga, na mama yake hakuwa na neno la kemia kwa kitu hicho. Mwalimu analo. Ni asetaldehidi na ethili asetati, zinazotoka mapema. Na mwishoni, pipa likikaribia kuishiwa, hutoka mafuta mazito yenye harufu ya soksi mbichi, yanayoitwa fuseli, ambayo Kukhu huyaacha yaende. Anachouza ni cha katikati.

Hapa ndipo niliposahihishwa jambo nililoliamini maisha yangu yote. Nilisema kwa sauti, nikiwa na uhakika, kwamba methanoli ndiyo inayotoka kwanza kwa kuwa huchemka kwenye digrii 65 wakati ethanoli huchemka kwenye 78, kwa hiyo Kukhu akimwaga kikombe cha kwanza ameimwaga sumu. Mwalimu alitikisa kichwa. Ndani ya mchanganyiko wenye maji mengi methanoli haitoki yote mbele kwa utiifu huo; hushikana na maji na kusambaa kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho. Kinachomlinda mteja wa Kukhu ni kitu kingine kabisa. Sukari ikichacha hutoa methanoli kidogo mno, kwa sababu methanoli hutoka kwenye pektini, ile gundi ya maganda ya matunda, na molasi haina pektini ya kutosha kumdhuru mtu. Methanoli iliyompofusha mjomba haikupikwa na bibi yeyote. Ilitoka kwenye madramu ya viwandani, ikanunuliwa kwa kuwa ni rahisi, ikamiminwa na mtu aliyetaka faida ya haraka.

Nilikaa kimya muda mrefu kando ya moto ule. Kwetu, kwa miaka mingi, lawama zote zilikuwa za mama pima, mwanamke anayepika na kuuza pombe nyumbani.

Siku ya pili tulichuja. Mwalimu alikuwa na bomba la chuma cha pua, urefu wa mkono wa mtu mzima, amelifunga chini kwa kitambaa cha pamba. Plastiki aliikataa, maana pombe kali huweza kuvuta vitu ndani yake. Alianza na makaa yangu ya Kaloleni, yaliyopondwa na kuoshwa kwa maji moto mara tatu mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Kabla ya kumimina alipunguza chang'aa kwa maji safi, akaitumbukiza ile ala ya kioo inayoelea, akangoja isome karibu na asilimia 40. Ikiwa kali mno, alinieleza, pombe yenyewe huyang'ang'ania yale mafuta na kunyima mkaa nafasi ya kuyakamata. Kisha akafungua bomba kidogo, tone baada ya tone. Lita moja ilichukua asubuhi nzima.

Matokeo ya makaa yangu yalikuwa haba. Harufu ilipungua, haikutoka. Tulipobadilisha tukaweka zile chembe za dukani, nilinusa kikombe mara mbili nikidhani nimechukua cha maji.

Yote mawili yametoka kwenye vifuu, kwa kuwa vifuu ndivyo vinavyotoa kaboni ngumu yenye vitundu vidogo kuliko nyingine nyingi. Kinachotofautisha ni kilichofuata. Makaa ya kwetu yalichomwa kwenye pipa na kuzimwa kwa mchanga. Yale ya kiwandani yalipandishwa tena kwenye joto la digrii 800 au zaidi na kupulizwa mvuke, nao mvuke ukayala kwa ndani ukiacha vishimo visivyohesabika ambavyo jicho haliwezi kuviona. Gramu moja ya kaboni ya namna hiyo ina kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba kama 1,000. Mwalimu alimimina kijiko kimoja kwenye kiganja changu, gramu saba hivi, akasema hizo kuta zikikunjuliwa zitatosha kuufunika uwanja wa Bukhungu goli hadi goli. Mafuta ya fuseli yakipita humo yanajibandika ukutani na kubaki.

Aliyeiona nguvu hiyo mapema ni mfamasia wa St. Petersburg, Tobias Lowitz. Mwaka 1785 alikuwa akihangaika na asidi ya tatariki iliyokuwa ikigeuka kahawia, akagundua kwamba unga wa mkaa unaondoa rangi. Akaujaribu kwenye vitu vingi, ikiwemo pombe ya nafaka yenye harufu mbaya, na harufu ikaondoka. Watengenezaji wa vodka wa Urusi hawakuuacha mkaa tangu hapo. Zaidi ya miaka mia baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mkaa huohuo uliwekwa kwenye barakoa za kuzuia gesi ya sumu, na Wamarekani wakakusanya kokwa za pichi na maganda ya karanga ngumu nyumba kwa nyumba ili kuuchoma. Ningependa bibi yangu wa Kaloleni angeishi asikie kwamba takataka za jikoni mwake zilikuwa na kazi hiyo. Lakini hata yeye alitia kipande cha mkaa kwenye mtungi wa maji, na Wanandi, majirani wa Waluhya upande wa mashariki, hupaka ndani ya kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, mkaa wa mti wa senetwet. Watu wetu waliujua mkaa kwa matumizi yao wenyewe.

Hapo Kakamega kaboni hii ina kazi nyingine. Dhahabu ilipogunduliwa miaka ya mwanzo ya 1930 wazungu walimiminika na mgodi wa Rosterman ukachimbwa. Leo wachimbaji wadogo bado wanashuka mashimoni Ikolomani. Mitambo ya kisasa huyeyusha dhahabu kwa sianidi kisha hutumia kaboni amilifu kuinasa. Ndiyo maana Mwalimu alimwambia Kukhu mbele yangu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata wakati wa mitihani: ukiletewa kaboni iliyokwisha kutumika, hata kwa bure, usiitie kwenye kitu cha kunywa.

Kisha nikauliza nililokuja kuuliza. Mwalimu hakunijibu kwa maneno. Aliingia ndani akatoka na birika la chai ya rangi iliyopoa, akaimimina juu ya bomba. Chini yakatoka maji meupe kabisa. Halafu akachukua kikombe cha maji, akakoroga chumvi vijiko viwili, akayapitisha humo humo.

"Onja," akaniambia.

Yalikuwa ya chumvi kama ya bahari ya kwetu.

"Mkaa unachagua," alisema. "Vikubwa, vizito, visivyopenda maji, unavishika. Chumvi imepita kwa sababu zake. Methanoli nayo ni chembe ndogo sana, inapenda maji, imefanana na ethanoli mno. Ungekuwa mkaa wa kuizuia methanoli, ungezuia na pombe yenyewe, ubaki na maji."

Kwa hiyo ukichuja pombe yenye sumu unapata pombe laini, isiyo na harufu, yenye sumu ileile. Na ukimpa mtu aliyekwisha kuinywa mkaa wa kumeza, hausaidii kitu. Hata mkaa wa hospitali wa kunywesha watu waliokula sumu hauishiki methanoli. Mwili hauumizwi nayo mara moja. Ini huigeuza kuwa fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki, na hiyo ndiyo inayoua mshipa wa jicho, saa 12 au 24 baada ya kunywa, wakati mtu amekwisha kulala na kuamka. Mililita 10 hivi zaweza kupofusha. Dawa yake hospitalini ni fomepizoli, au pale isipokuwepo, ethanoli safi inayotolewa kwa kipimo ili ini lishughulike nayo na kuiacha methanoli itoke mwilini bila kugeuzwa. Na mara nyingi huhitajika mashine ya kusafisha damu. Kila saa ina maana. Niliyaandika haya yote kwenye daftari nikijua ni nani nitamsomea.

Nilimuuliza Kukhu habari za kiberiti, kwa kuwa watu husema moto wa buluu ni ushahidi kwamba pombe ni salama. Alimtazama Mwalimu. Mwalimu akasema methanoli nayo huwaka, na kwa buluu hafifu zaidi. Kukhu akaguna, akaondoa kiberiti kilichokuwa kando ya sufuria akakitia kwenye mfuko wa aproni yake. Sikumwona akikitoa tena.

Jioni wateja walifika. Kukhu alimpa mzee mmoja, mteja wake wa miaka mingi, kikombe cha ile iliyochujwa, bila kumwambia. Mzee alionja, akakitazama kikombe, akakirudisha.

"Hii umeinunua dukani."

"Ni yangu."

"Si yako. Yako naijua."

Hakukubali kuilipia. Kukhu hakukasirika, alionekana kama mtu aliyesikia jambo alilokuwa akilitafuta. Wazee walipoondoka alituambia kwamba chang'aa yake ina harufu ya sukari guru iliyoungua kidogo, na ya yule wa ng'ambo ya kijito inanuka moshi wa mipera kwa sababu ya kuni zake, na mtu wa hapa akionjeshwa gizani ataitaja nyumba. "Mjukuu wangu, ukiiondoa harufu umeondoa jina langu. Mtu akifa, nani atasema haikuwa yangu?"

Nimelifikiria neno hilo kuliko lolote nililosikia katika safari ile. Vodka iliundwa isiwe na asili. Palipo na kiwanda chenye leseni, lebo na maabara, kutokuwa na asili si hatari, kwa kuwa karatasi inasema pombe imetoka wapi. Mitaani kwetu, palipo na pombe bila karatasi, harufu ndiyo karatasi yenyewe. Waliokufa mwaka 2000, na makumi waliokufa Mei 2014 katika Embu, Kiambu, Makueni na kwingineko, na wale 17 wa Kangai huko Kirinyaga Februari 2024, walikunywa vitu ambavyo ulimi haukuweza kuwaambia vimetoka kwa nani.

Serikali ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, na kwa miaka 30 wanawake kama Kukhu walilipa faini, wakalala korokoroni, wakarudi mtoni. Sheria ya 2010, ambayo wengi huiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliifuta ile na kusema chang'aa inaweza kupikwa kwa leseni, kwa viwango, kwenye chupa. Ni sheria yenye nia njema, nami naiheshimu, ila mlango wake ni mwembamba kwa mtu mwenye pipa moja. Uganda, miaka ya 1960, ilijaribu njia nyingine: wapikaji wa enguli, pombe kali ya huko, vijijini wauze kwa kiwanda chenye leseni, nacho kikaipika upya ikawa Uganda Waragi. Kukhu alilisikiliza hilo kwa makini kuliko habari zote za Urusi. Alitaka kujua walikuwa wakilipwa shilingi ngapi kwa lita. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega, mwendo mfupi wa matatu kutoka migomba yake. Ningefurahi siku moja bibi kama yeye apeleke kichupa huko asubuhi apate majibu jioni, bila askari kumngoja langoni.

Kuhusu gunia langu aliamua mwenyewe. Chembe za dukani zilizobaki alizitaka kwa ajili ya maji ya kisima, yanayonuka majani yaliyooza wakati wa mvua nyingi, na Mwalimu akamwelekeza ayachemshe hata baada ya kuyachuja, kwa sababu mkaa hauui vijidudu. Makaa ya Kaloleni alisema yatapikia. Yaliwaka vizuri sana.

Nilimpigia mjomba kutoka stendi ya Kakamega, baada ya kupita chini ya Jiwe Linalolia la Ilesi likiwa limelowa. Nilimsomea daftari polepole. Nilipofika kwenye mkaa nilisita, kisha nikasoma na hapo.

"Kwa hiyo haukushika kitu," akasema.

"Haukushika, mjomba. Kilichokusaidia ni kwamba ulikunywa kidogo, na ukafikishwa hospitali."

Alikaa kimya. Nilisikia kuku wa nyumbani kwetu kwenye simu.

"Lakini walikimbia, wewe," akasema. "Nilikuwa nimelala pale mlangoni siwaoni. Nilisikia miguu yao ikipiga nyumba hadi nyumba, wakiulizana nani ana mkaa ambao haujawashwa."